Moyo Unaokwenda Mbio Ukisimama: Historia Ambayo Bi Harusi Aijue



Leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalijua mwilini lakini hatuna jina lake. Msichana ameamka vizuri, amekula, anacheka na wenzake. Anainuka kwenye mkeka, na kabla hajafika mlangoni moyo unadunda kama aliyekimbia kutoka shambani, macho yanaingia giza, magoti yanalegea. Akikaa au akilala, mambo yanatulia. Akisimama tena, yanaanza upya. Anapelekwa kupimwa, analazwa kitandani, anabandikwa nyaya za kipimo cha umeme wa moyo, kile ambacho wengi hukiita ECG. Karatasi inatoka safi. Anaambiwa, wewe mzima, nenda nyumbani.

Hapo ndipo majina mengine yanapoanza. Mvivu huyo, hataki kazi. Ana wasiwasi. Ana pepo, atazamwe. Na kwa binti ambaye posa yake imeshafika, lipo jina linalowatisha wazee kuliko yote: ana ugonjwa wa moyo. Neno hilo likitoka nje ya nyumba haliokotwi tena.

Kumbe hali hiyo ina jina kwa madaktari na ina kipimo chake. Kwa kifupi huitwa POTS, maana yake mapigo ya moyo kupanda kupita kiasi mtu anaposimama. Wanaoipata zaidi ni wanawake, hasa kuanzia umri wa kuvunja ungo hadi miaka ya kuzaa, yaani umri wa wengi wetu tunaosoma hapa. Historia yake ni ndefu, na funzo lake ni moja: moyo wa mtu kama huyu huwezi kuuelewa ukiuuliza akiwa amelala tu. Uulize akiwa amesimama, kisha ujue kulisoma jibu lake.

Tabibu na mshipa wa mkono

Tuanze kwa watu wetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika mengi juu ya mapigo ya mshipa katika kitabu chake cha Al-Qanun, kitabu kilichosomeshwa kwa karne nyingi Mashariki na Ulaya. Katika mlango wa maradhi ya mapenzi anaeleza namna ya kumjua anayependwa na mgonjwa asiyetaka kusema. Tabibu anashika mkono, kidole juu ya mshipa, huku majina ya watu na ya mitaa yakitajwa moja moja. Mapigo yakibadilika kwa jina fulani, na yakibadilika tena likirudiwa, siri imetoka.

Tunaweza kucheka, lakini angalieni akili iliyomo. Tabibu hakuridhika kuhesabu mapigo ya mtu aliyetulia. Aliuletea moyo jambo lenyewe linalousumbua, kisha akasikiliza. Karne nyingi baadaye madaktari wa moyo walihitaji kulijifunza somo hilo upya.

Mashine ya Einthoven

Mtu aliyetupa mchoro wa moyo tunaoujua leo ni Willem Einthoven. Alikuwa Mholanzi, lakini alizaliwa kisiwani, Semarang katika Java, mwaka 1860. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Leiden, alitengeneza chombo chenye uzi mwembamba mno uliotikisika kwa umeme mdogo wa moyo. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na kilihitaji watu watano kukiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono yake na mguu mmoja katika vyombo vya maji ya chumvi ili umeme upite. Mwaka 1924 Einthoven alipewa tuzo ya Nobel.

Herufi alizozichagua yeye ndizo zinazotumika hadi leo. P ni kilima kidogo cha mwanzo, vyumba vya juu vya moyo vinapoamshwa. Q, R na S ni mwiba mrefu wa katikati, vyumba vya chini vinapoamshwa na kusukuma damu. T ni kilima cha mwisho, vyumba hivyo vinapojirudisha tayari kwa pigo jingine. Ukiona karatasi ya kipimo, tafuta hivyo vitatu: kilima, mwiba, kilima.

Baadaye mashine zikawa ndogo na vyombo vya maji vikaondoka. Mgonjwa sasa hulazwa chali, atulie, asitikisike, kwa sababu mwili ukitikisika mchoro unachafuka. Ni utaratibu mzuri kwa maradhi mengi, lakini kwa msichana wetu umeficha tatizo, maana yeye akilala hana tatizo.

Moyo wa askari

Kabla ya mashine hiyo, daktari mmoja wa Philadelphia, Jacob Da Costa, aliwachunguza askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1871 aliandika juu ya zaidi ya askari 300 waliolalamika moyo kudunda, maumivu ya kifua, kizunguzungu na uchovu. Aliona pia kwamba mapigo yao hubadilika sana kati ya kulala na kusimama. Hali ile ikaitwa moyo wa askari.

Ilipokuja Vita ya Kwanza ya Dunia, askari wa namna hiyo walijaa hospitali za Uingereza. Sir Thomas Lewis, bingwa wa mchoro wa moyo, alipewa kazi ya kuwachunguza, na mwaka 1918 akatoa kitabu juu yao. Alionyesha kwamba kwa wengi wao moyo wenyewe haukuwa na kasoro, bali mwili uliuendesha kupita kiasi kwa kazi ndogo. Badala ya kuwalaza miezi mingi, aliwaanzishia mazoezi ya hatua kwa hatua, na wengi wakasimama tena. Si kila askari wa Da Costa au wa Lewis alikuwa na POTS, lakini wataalamu wa leo wakisoma maelezo yale wanaona mengi yanayofanana.

Vita hiyo hiyo ilifika kwetu. Oktoba 1917, kuanzia tarehe 15 hadi 18, Wajerumani na Waingereza walipambana Mahiwa na Nyangao, katika nchi ya Mtama mkoani Lindi, ambako pia iko Nyangamara. Yalikuwa miongoni mwa mapigano makali kuliko yote ya Afrika Mashariki. Waliobeba mizigo ya majeshi walikuwa wapagazi Waafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi. Askari wa Uingereza aliyedundwa na moyo alipata daktari wa kumsikiliza. Mpagazi aliyeanguka njiani hakuandikiwa mapigo yake, wala mwanamke aliyebaki kijijini na mtwangio mkononi.

Nawatajieni haya kwa sababu moja. Ugonjwa hupata jina pale anayeumwa anapohesabiwa kuwa mtu wa kusikilizwa. Wanaume waliovaa sare waliitwa wagonjwa. Wanawake wenye dalili kama zile, Ulaya na kwetu, mara nyingi waliambiwa ni mishipa dhaifu ya fahamu, au ni vituko vya kike.

Neno la Kimakonde

Lakini pwani yetu ya kusini ina mfano mwingine, wa kusikilizwa. Mwaka 1952 na 1953 homa kali ilienea katika Wilaya ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Viungo vya wagonjwa viliuma hadi wasiweze kunyooka. Wenyeji waliiita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja: chikungunya. Daktari Marion Robinson, aliyewaona wagonjwa hao, aliandika habari zake mwaka 1955, na neno lile lile likabaki kuwa jina la ugonjwa duniani kote, hadi leo.

Chikungunya ni ugonjwa mwingine kabisa. Nimeutaja kwa sababu jina lake lilitokana na namna mgonjwa anavyosimama, na kwa sababu daktari alilichukua neno la watu wenyewe kuwa ushahidi. Msichana anayesema nikisimama ndipo moyo unakwenda mbio, nikilala unapoa, naye ametoa ushahidi. Nusu ya uchunguzi iko kinywani mwake.

Kitanda kinachoinuka

Mwaka 1982 madaktari wawili wa Marekani, Rosen na Cryer, waliandika juu ya hali hii kwa jina la mapigo kwenda mbio kwa kusimama, na wakaeleza namna chumvi ilivyomsaidia mgonjwa wao. Mwaka 1986, katika hospitali ya Westminster, London, daktari mwanamke kutoka Ireland, Rose Anne Kenny, na wenzake walitangaza matumizi ya kitanda kinachoinuka kwa watu wanaozimia bila sababu kujulikana. Mwaka 1993 Schondorf na Low wa Mayo Clinic walieleza wagonjwa 16 na kuliweka jina la POTS mahali linapojulikana leo.

Kitanda chenyewe si cha ajabu. Mgonjwa analala chali, anafungwa mikanda asianguke, na miguu inakanyaga ubao. Mapigo na presha vinapimwa akiwa ametulia. Kisha kitanda kinainuliwa upande wa kichwa hadi awe karibu kusimama, mara nyingi nyuzi 60 hadi 80, na nyaya za moyo zinaendelea kuandika. Ni kumsimamisha mtu bila yeye kutumia misuli ya miguu, ili ionekane mwili unafanya nini.

Na mwili unafanya hivi. Mtu akisimama, damu kama nusu lita au zaidi huteremka kuelekea tumboni na miguuni. Damu inayorudi moyoni inapungua. Mishipa inatakiwa ijibane, na moyo uongeze mwendo kidogo, mapigo 10 hadi 20 kwa dakika, kisha mambo yatulie. Kwa mwenye POTS moyo unaongeza 30 au zaidi ndani ya dakika 10, na kwa vijana wa miaka 12 hadi 19 kipimo ni 40 au zaidi, huku presha ikiwa haijaporomoka. Tena dalili ziwe zimedumu miezi mitatu au zaidi, na sababu nyingine ziwe zimetafutwa zikakosekana.

Mchoro unasemaje

Sasa tuitazame karatasi. Hutembea milimita 25 kila sekunde. Msichana akilala na mapigo yake ni 75 kwa dakika, kati ya mwiba na mwiba ni milimita 20. Kitanda kikiinuka na mapigo yakafika 120, miiba imesogeleana hadi milimita 12 na nusu. Jambo la kwanza la kutazama ni kama kilima cha P bado kipo mbele ya kila mwiba, kwa mpangilio ule ule. Kikiwepo, na mwendo ukawa umepanda taratibu, basi moyo unafuata njia yake ya kawaida, ila umeharakishwa. Mapigo yakiruka ghafla kama taa iliyowashwa na P ikapotea au ikageuka, hilo ni tatizo jingine la umeme wa moyo na linahitaji bingwa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuacha nyaya zikiandika wakati mtu anainuliwa: unaona sio tu moyo umefika wapi, bali umepita njia gani.

Jambo la pili ndilo lililowaponza wanawake wengi. Mtu akisimama, P inaweza kurefuka, na kilima cha T kinaweza kulala kikawa bapa, au hata kugeuka kikatazama chini. Tangu miaka ya 1940 madaktari waliandika kwamba mkao peke yake unaweza kubadilisha mchoro hivyo. Moyo umebadilika kidogo namna ulivyokaa kifuani, na homoni ya adrenalini imepanda. Mgonjwa akilazwa tena, T inarudi ilivyokuwa.

Lakini T iliyopinduka ni miongoni mwa alama zinazotazamwa pia kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeziba. Msomaji wa haraka akiona karatasi ile bila kujua kwamba mgonjwa alikuwa amesimama na moyo unakwenda mbio, anaweza kumwandikia binti wa miaka 22 ugonjwa wa mishipa ya moyo ambao hana. Kwa hiyo yapo makosa mawili yanayokabiliana. Ukimpima amelala tu, utasema hana kitu. Ukimpima amesimama bila kuandika kwamba alisimama, utasema ana kubwa kuliko alilonalo. Karatasi ya moyo iandikwe juu yake: alikuwa amelala, amekaa au amesimama, na kwa dakika ngapi.

Haya hayana maana kwamba maumivu ya kifua yapuuzwe. Kifua kinachobana unapofanya kazi, kuzimia katikati ya shughuli, au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana, ni mambo ya kumwambia daktari siku hiyo hiyo.

Kwa aliye Nyangamara

Dada aliye Nyangamara, Kilwa Kivinje, au kisiwani kwetu, atauliza: hicho kitanda nitakipata wapi? Ni kweli, si kitu cha kila hospitali. Lakini hatua ya kwanza haihitaji kitanda hicho. Inahitaji mhudumu wa afya, saa yenye mshale wa sekunde, na kipimo cha presha.

Lala dakika 10, uhesabiwe mapigo na upimwe presha. Kisha simama wima bila kutembea, mgongo umeegemea ukuta kidogo, mhudumu akiwa karibu. Hesabiwa na upimwe tena dakika ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10. Ukiona giza, kaa mara moja, kipimo kimekwisha. Usijaribu peke yako nyumbani. Karatasi yenye namba hizo ukiipeleka Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, daktari anakuwa na pa kuanzia.

Kabla ya kufika kwenye POTS, yatafutwe yaliyo mengi kwetu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015 na 2016 uliwakuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Damu ikipungua kwa hedhi nzito, minyoo, malaria au lishe, moyo hukimbia vile vile. Kuna mimba changa, kuna tezi ya shingo iliyozidi kazi, kuna kuharisha na kukosa maji. Na kuna bi harusi aliyekaa ndani siku nyingi, akala tonge mbili kwa ajili ya gauni, kisha akasimamishwa saa nzima kwenye joto apigwe picha. Huyo mpeni maji, chakula na kiti kwanza.

Ikithibitika ni POTS, matibabu huanzia nyumbani: maji ya kutosha kila siku, chumvi zaidi kwa ruhusa ya daktari tu (kwa mwenye presha ya juu au tatizo la figo chumvi ni hatari), soksi za kubana, kuinuka kwa hatua, na mazoezi yanayoanzia kwenye kukaa na kulala, kama Lewis alivyowapandisha askari wake polepole. Zipo pia dawa za kutuliza mapigo. Kwa kawaida hali hii haifupishi umri, haiambukizi, na wanawake wengi wenye nayo wanaolewa na kuzaa wakifuatiliwa kliniki.

Posa, sala na ulimi

Kuna mwanamke katika historia yetu ambaye kila dada anayezimia amjue. Katika hadithi aliyoisimulia Ibn Abbas, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mwanamke mmoja mweusi alimwendea Mtume, rehma na amani zimshukie. Akamweleza kwamba huanguka na nguo zake zikamfunuka, akamwomba amwombee dua. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua ili asifunuke anapoanguka, na akaombewa. Tazameni: hakukemewa, hakuitwa mvivu. Alisikilizwa shida yake kama alivyoieleza yeye, hata ile ya sitara, ambayo mwingine angeiona ndogo.

Kusoma ruqya hakukatazi kipimo, na kipimo hakikatazi ruqya. Anayeshindwa kusimama katika sala amepewa rukhsa ya kukaa, na akishindwa kukaa alale ubavu, kama Mtume alivyomfundisha Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa. Basi usijilazimishe kusimama hadi uanguke msikitini ili watu wasiseme. Kuhusu saumu, mgonjwa amepewa nafasi katika Qur'ani, na kiasi cha hali yako mwulize daktari na sheikh unayemwamini.

Na enyi mama, somo na mawifi: posa ikifika, binti asifichwe wala asitangazwe. Mwacheni aseme ukweli kwa jina lake sahihi, akiwa na karatasi yake mkononi, kwa mume mtarajiwa na kwa wanaostahili kujua. Kusema moyo wangu hukimbia nikisimama, nimepimwa, na naishi nao hivi, ni tofauti sana na mnong'ono wa ugonjwa wa moyo unaopita uani. Maneno ya kwanza humpa mume kazi ya kufanya: kuleta maji, kusogeza kiti, kungoja kidogo mkewe anapoinuka. Mnong'ono humpa hofu tu.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wote wanaoumwa, na azitie baraka ndoa zote zilizo njiani. Aamin.